Ripoti Zilizosema Hatujambo

Mambo haya yalitokea, na yalitokea hivi hivi ninavyoyaandika, wala sijatia chumvi hata ya kuonja. Naapa kwa redio ya marehemu baba yangu, ambayo mkono wa kushoto umeishika sasa hivi huku mkono wa kulia unaandika. Ningeapa kwa Biblia, ila mke wangu aliificha tangu nilipoiapia mara ya mwisho.

Jina langu Bogere. Ni mstaafu, naishi Budondo, nina migomba, mbuzi wawili na muda mwingi. Kiswahili nilikiokota utotoni nyuma ya kambi ya jeshi pale Jinja, mama yangu alipokuwa akiwauzia askari mihogo ya kuchemsha. Watu wa kwetu mpaka leo wanasema nikifungua mdomo wanasikia buti. Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwa Bwana Bhupendra, muuza mbegu wa Bugembe, kando ya barabara kuu iendayo Iganga. Niliingia nikiwa mbeba magunia. Nilitoka nikiwa mtaalamu wa kompyuta, na hakuna binadamu aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye kitabu kilichokosa jalada la mbele na kurasa arobaini za mwisho, ndiyo maana mpaka leo najua kuanzisha mambo mengi na sijui kuyamaliza.

Mbegu zetu zilikuwa mbegu kweli. Ukidondosha punje moja ya mahindi barabarani Bugembe asubuhi, jioni askari wa trafiki anakuja kukuomba ukate, madereva hawaoni mbele. Lakini sheria haitazami sifa, inataka karatasi. Kila shehena lazima iwe na cheti: mbegu gani, ilivunwa lini, na katika punje mia zilizojaribiwa zimeota ngapi. Bila cheti, gunia haliondoki ghalani. Vyeti hivyo hutoka kwenye kompyuta, na kila aina ya mbegu ina kiolezo chake, yaani karatasi tupu iliyopangwa tayari, ambayo kompyuta huijaza tarakimu kutoka kwenye hifadhidata, lile ghala la taarifa zetu zote. Violezo vilikuwa mia tatu na arobaini. Vyote nilivitengeneza mimi.

Sasa, kiolezo hakiongei na hifadhidata moja kwa moja. Ni kama kijana kwenda ukweni kujitambulisha: bwana harusi hafungui mdomo, ana msemaji wake wa kupeleka maneno na kurudisha majibu. Kwenye kompyuta msemaji huyo anaitwa kiunganishi. Wetu alikuwa mzee. Kila asubuhi swali la kwanza alilopewa lilipotea njiani. La pili lilijibiwa bila shida. Mtu aliyesoma angetafuta sababu kitabuni. Kitabu changu, ukurasa huo haukuwepo. Nikafikiri: hii hifadhidata imekaa kwetu Busoga muda mrefu, imeshika tabia za Busoga. Nani kwetu anaulizwa jambo kabla hajasalimiwa? Ukimwendea mtu ukaanza na "mahindi yameota mangapi?" atakutazama tu mpaka uone aibu uanze upya.

Basi nikaiwekea salamu. Juu ya kila kiolezo, kabla ya swali lolote la mbegu, nikaandika swali la kwanza: hamjambo? Na ndani ya hifadhidata nikatengeneza kijisanduku chenye jibu moja: "Hatujambo. Za huko?" Violezo mia tatu na arobaini, salamu mia tatu na arobaini. Kuanzia siku hiyo vyeti vilitoka saa mbili asubuhi bila kigugumizi, miaka kumi na tisa mfululizo. Sikumwambia mtu. Mpishi hatangazi alichotia mchuzini.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, simu ikalia. Alikuwa Mital, mke wa mtoto wa Bwana Bhupendra, aliyezirithi kompyuta zangu nilipostaafu. Huyu amesoma kweli, kitabu chake kina kurasa zote.

"Mzee Bogere, ile kompyuta ya zamani inakufa."

"Inakufa au inakohoa tu?"

"Inatoa moshi, mzee."

Sikushangaa. Kompyuta ile ilikuwa na umri mkubwa kiasi kwamba ikiwashwa, taa za Bugembe nzima zilififia, na kuku wa jirani walidhani jua limezama wakaenda kulala. Mital alikuwa amenunua mpya. Taarifa zote zilikuwa zimehamia salama. Shida ni kwamba mashine mpya ilimkataa yule msemaji mzee. Ilitaka kiunganishi cha kisasa, na violezo vyote vielekezwe kwake.

"Njoo unisaidie," akasema. "Wewe ndiye unavijua."

Jumatatu nikafika nimevaa koti la harusi. Bwana Bhupendra akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe mbele ya ofisi nzima. Hilo halijatokea tangu dunia iumbwe. Hata askofu alipokuja alijimiminia.

"Huyu ndiye profesa wetu," akawaambia watu. "Hakufundishwa na mtu. Kunywa, Bogere bhai, ndugu yangu."

Nikanywa. Mital akakielekeza kiolezo kimoja kwa kiunganishi kipya, cheti cha maharage, akabonyeza kuchapisha. Karatasi ikatoka. Palipopaswa kuandikwa punje ngapi zimeota, paliandikwa: Hatujambo. Za huko?

Bwana Bhupendra akavaa miwani. "Bogere bhai, haya maharage yanasemaje?"

"Yanasalimia, bwana."

"Yanasalimia nani?"

Mital akajaribu mahindi. Hatujambo. Akajaribu mtama. Hatujambo. Soya, hatujambo. Kaushik wa kaunta alicheka mpaka akakaa chini, akasema hajapata kuona ghala lenye afya kama hili. Mital hakucheka. Alifungua kiolezo, akasoma mstari wa kwanza, akaelewa kwa dakika moja jambo ambalo mimi lilinichukua wiki tatu kulibuni: kiunganishi kipya kinasikia jibu la kwanza tu, kisha kinaziba masikio na kuondoka. Jibu la kwanza ni salamu. Tarakimu zinabaki nyuma zinaita.

"Nani aliweka hiki kitu?" akauliza.

Nikatazama chai yangu. Ilikuwa na maziwa mengi na iliki. Nikamtazama Bwana Bhupendra, bado ameshika birika, ananitazama kwa fahari. Ulimi wangu ukatangulia, mimi nikafuata nyuma.

"Otim," nikasema.

Otim alikuwa fundi wetu wa umeme, Mwacholi, askari mstaafu, sote tulimwita Afande. Aliacha kazi miaka saba iliyopita akaenda kuishi na mkewe Mbale, huko Nkoma. Mital hakuwahi kumwona, alikuwa hajaolewa bado.

"Basi tumpigie simu tumuulize kazi yake nini," akasema Mital.

"Haiwezekani, mama. Amefariki."

Bwana Bhupendra akaweka birika chini. "Otim? Amekufa? Lini? Kwa nini?"

Hapo ningeweza kusema homa. Homa haina maswali mengi. Lakini mtu aliyezoea kusimulia ukimpa mlango anaingia na ng'ombe wake wote.

"Radi," nikasema. "Alikuwa juu ya nguzo ya umeme ameshika koleo. Radi mbili. Ya kwanza aliistahimili."

Mama Dhanlaxmi, mke wa Bwana Bhupendra, akatoka chumba cha nyuma analia. Kumbe Otim ndiye aliyemtengenezea mashine yake ya kusagia viungo mara nne bila kudai kitu. Akaleta sukari kilo tano za kumpelekea mjane. Kaushik akaacha kucheka, akaleta mchele. Erisa, mlinzi wa getini, hana kitu, akaenda nyumbani akarudi na mkeka mpya kabisa, bado una harufu ya ukindu. Tukasimama dakika moja kimya kwa ajili ya Afande Otim. Mimi nilisimama kimya kuliko wote.

Dakika ilipokwisha nikamnong'oneza Mital, "Sasa hiyo salamu wewe ifute tu, tuendelee na kazi."

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini?"

"Sifuti kitu ambacho sijui kazi yake. Kipo kwenye violezo vyote, na kimefanya kazi miaka kumi na tisa. Nikikiondoa, na labda ndicho kinachozuia tarakimu zisichanganyike, halafu cheti kikatoka na uongo, wakulima watapanda mbegu mbovu. Aliyekiweka angekuwa hai ningemuuliza. Lazima nihame nacho kama kilivyo."

"Lakini marehemu alikuwa mtu wa utani sana."

"Mzee," akasema Mital, na macho yake yalikuwa mekundu, "mtu anayestahimili radi ya kwanza haweki kitu bure."

Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamenifungia mlango kwa nje.

Basi kazi ambayo ingekwisha kabla chai haijapoa ikawa kama kuvuka Nile kwa kijiko. Kwa kuwa msemaji mpya anasikia jibu moja tu, kila kiolezo kilitakiwa kiwe na wasemaji wawili, mmoja wa kusalimia, mwingine wa kuuliza mbegu, kisha majibu yao yapangwe foleni yasigongane. Dakika ishirini kila kiolezo. Mital aliinama pale Jumatatu, Jumanne, Jumatano, anahamisha utani wangu kwa heshima kana kwamba ni mifupa ya babu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsomea majina ya violezo. Sauti yangu ilizidi kuwa ndogo.

Na kila siku saa sita mchana simu ililia kutoka Mbale.

Alikuwa Nusifa, msimamizi wa ghala letu la kule. Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe alipokuwa karani huko huko, ananiita baba. Huu ulikuwa msimu wake wa kwanza wa kusimamia ghala. Aliyemtangulia aliondolewa kwa sababu mbegu zilichelewa mpaka watu wakapanda viazi. Sasa wanawake sitini wa kikundi kimoja cha mlimani walikuwa wamekodi lori moja, lije Ijumaa kuchukua maharage ya kupanda, aina ishirini na mbili. Lori lingeondoka saa kumi, lipate lisipate, kwa sababu mvua za jioni zimeanza na barabara yao ikilowa haipandiki hata kwa maombi. Likiondoka tupu, wanawake wale wangenunua kwingine wasirudi, na Nusifa angerudi kuhesabu magunia.

"Baba, wingu limekaa juu ya mlima Wanale," akasema Jumanne. "Vyeti vyangu vipi?"

"Vinakuja, mwanangu."

Jumatano: "Baba, nimejaribu kuchapisha kimoja huku. Kimeniambia hatujambo."

"Na wewe umejibuje?"

"Baba!"

Vyeti vyake vilikuwa kwenye mashine ya Mbale, nayo ilikuwa na violezo vyake vya maharage, ishirini na mbili kati ya vile mia tatu na arobaini, vinavyochota tarakimu Bugembe kupitia msemaji mpya na vya kurekebishwa huko huko. Alhamisi, Mital akapiga hesabu. Ishirini na mbili mara dakika ishirini ni saa saba na dakika ishirini. "Tukiondoka kesho alfajiri tutafika saa tatu," akasema. "Saa tatu mpaka saa kumi ni saa saba."

"Kwa hiyo tumepungukiwa dakika ishirini."

"Na za kupakia. Nitakimbia, mzee. Nitajitahidi."

Ungefikiri hapo ningesema. Hata mimi nilifikiri ningesema. Lakini asubuhi ya Ijumaa pikapu ilipowashwa, nyuma kulikuwa na sukari, mchele, mkeka, na shada la maua ambalo Bwana Bhupendra aliliagiza mwenyewe, lenye utepe ulioandikwa AFANDE OTIM, FUNDI WETU. Kuna ukubwa fulani uongo ukiufikia, mtu mmoja hawezi tena kuubeba kurudi nao.

Njiani nilijaribu kwa upole. "Nasikia yule mjane amehama Nkoma. Amekwenda kwao kaskazini."

"Nusifa ametuma mtu wa boda akaulize," akasema Mital, macho barabarani. "Ameambiwa nyumba ya Otim fundi inajulikana."

Kutoka pale mpaka Mbale sikuona kitu. Wanasema kuna mashamba ya mpunga.

Tulipofika ghalani, wanawake walishaanza kukusanyika, wamekaa juu ya kanga zao, wanatazama mlima. Nusifa alimsalimia Mital, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Inna lillahi, baba, pole kwa msiba wa rafiki yako." Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Mital akaketi kwenye mashine. Saa nne, violezo vitatu. Saa tano, sita. Saa sita, tisa. Wanawake wakaanza kuimba, mwanzoni kwa furaha, baadaye kwa namna ambayo mtu wa ghala anajua haimsifu. Dereva wa lori akaja mlangoni mara mbili, mara ya pili alionyesha wingu kwa kidole. Nusifa alikuwa ameacha kuuliza. Alisimama kando ya magunia yake, anayafuta vumbi lisilokuwepo.

Saa saba, kiolezo cha kumi na mbili, boda boda ikasimama nje. Mtu akashuka, mrefu, kofia mkononi, begani amebeba mzigo wa kuni.

Nilimtambua kabla hajainua uso. Nikaingia nyuma ya magunia ya mahindi nikachuchumaa.

"Nani hapa mwenye msiba?" sauti ikauliza. Kiswahili kile kile cha kambini, kimenyooka kama bunduki. "Nasikia kwa boda kuna fundi wa umeme amekufa, jina yake kama yangu. Radi imepiga. Mimi nasema, fundi mwenzangu, siwezi kaa nyumbani. Naleta kuni."

"Karibu, afande," akasema Nusifa, maana mtu yule huwezi kumwita vinginevyo. "Hukukosea. Ni hawa wametoka Bugembe, wanakwenda kwa mjane."

"Bugembe? Marehemu nafanya kazi wapi?"

"Kwa Bwana Bhupendra," akasema Mital bila kuacha kazi. "Zamani. Muuza mbegu."

Nikachungulia katikati ya magunia. Otim alikuwa ameweka kuni chini, anasoma utepe wa shada la maua tulilolishusha pamoja na vitu vya mjane, midomo inatembea taratibu. Akalizunguka lile shada mara moja, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mimi najua hii mtu," akasema. "Alikuwa mtu mzuri?"

"Sana. Mama mkwe wangu alilia."

"Mama Dhanlaxmi nalia?" Akaguswa kweli, nilimwona. "Na nakufa namna gani?"

"Radi mbili. Ya kwanza aliistahimili."

"Mbili!" Otim akajipiga kifua. "Huyo mwanaume! Nani naeleza hii habari?"

"Mzee Bogere. Yuko... alikuwa hapa sasa hivi."

"Bogere," akasema Otim polepole, na macho yake yakaanza kutembea juu ya magunia, gunia kwa gunia, kama afande anayekagua gwaride. Tukatazamana. Akatabasamu. Sijaogopa tabasamu kama lile hata mamba alipowahi kunitabasamia pale mtoni, na mamba yule alikuwa mrefu kama gari moshi.

Nadhani angeniacha. Kwa kweli alikuwa anafurahia kufa. Alivuta kiti akakaa, akaomba asimuliwe tena ile radi ya pili. Lakini wakati huo huo dereva wa lori akaingia kwa mara ya tatu, akamwambia Nusifa, "Mama nyabo, wanawake wamekubaliana. Saa tisa hatujaanza kupakia, tunaondoka. Kule juu kumeshaanza kunyesha."

Nusifa akatikisa kichwa, akajifunga leso upya kiunoni bila sababu. "Sawa," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayejifunza neno.

"Mnangoja nini?" Otim akauliza. "Magunia iko, lori iko."

"Vyeti, afande," akasema Mital. "Kuna kitu marehemu aliweka kwenye kompyuta, salamu fulani. Sijui kazi yake, siwezi kuifuta. Aliijua yeye peke yake."

"Marehemu naweka ndani ya kompyuta?"

"Ndiyo."

Otim akasimama. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Hapana. Sikiliza, mama. Mimi ndiyo Otim. Mimi ndiyo marehemu. Miaka yote Bugembe mimi nagusa waya ya nyuma tu. Mbele ya kompyuta sijui hata mahali ya kuwasha. Hiyo kitu naweka ni huyu anakaa nyuma ya mahindi kama panya."

Wanawake waliokuwa mlangoni walisema "Eeeh!" kwa pamoja, sitini, na magunia yakatikisika. Nikatoka. Nilikuwa na unga wa mahindi kichwani.

Nitaandika tu yaliyotokea. Mital alizungusha kiti akanitazama.

"Mzee. Ile salamu kazi yake nini?"

"Adabu," nikasema.

"Nini?"

"Msemaji wa zamani alikuwa anasinzia. Swali la kwanza linamwamsha, la pili linajibiwa. Nikaona kama ni kumwamsha, aamshwe kwa heshima."

"Na huyu mpya anasinzia?"

"Sijui. Sidhani. Hajapata hata nafasi."

"Nikiifuta itatokea nini?"

"Hakuna. Ila watakuwa hawakusalimiana."

Mital akageukia mashine, akafuta mstari mmoja, akabonyeza. Karatasi ikatoka: maharage ya Nusifa, shehena ya kumi na tatu, punje zilizoota katika mia, tisini na nne. Akafuta mwingine. Tisini na mbili. Mwingine. Tisini na sita! Violezo kumi vilivyobaki vilikwisha kwa dakika kumi na moja, na moja katika hizo ilikuwa ya karatasi kukwama. Nusifa alikuwa akizinyakua zikiwa bado moto, anakimbia nazo, anabandika, anapiga kelele "Inua! Inua!" Wanawake wenyewe walibeba. Otim alibeba, marehemu yule, gunia kila bega. Nami nilijaribu kubeba, nikaambiwa niondoke njiani.

Saa tisa na robo lori lilipiga honi na kuondoka na magunia yote, wanawake juu wanaimba, na safari hii wimbo ulikuwa na jina la Nusifa. Lilipokuwa linapotea kwenye kona, tone la kwanza la mvua likagonga bati. Nusifa alisimama mlangoni akalisikiliza, akakaa chini juu ya mizani, akacheka mpaka machozi. Ghala lilikuwa lake.

Kisha akanigeukia. Wote wakanigeukia.

"Baba," akasema. "Siku nne."

"Najua, mwanangu."

"Siku nne nilikuwa sili."

"Najua."

"Bugembe nimehamisha violezo sabini na vitano," Mital akaongeza, "pamoja na salamu zake, kwa heshima ya marehemu. Nyingine bado mia mbili na arobaini na tatu. Ningeweza kuzifuta zote kwa amri moja, mzee. Sitaitoa hiyo amri. Utakuja Jumatatu, utafuta moja moja, kwa kidole chako. Na Bwana Bhupendra utamweleza wewe."

"Na mimi?" akauliza Otim. Alikuwa amekaa juu ya mkeka wa Erisa, ameshika mfuko wa sukari mapajani kama mtoto mchanga. "Mimi umeniua, Bogere. Boda nasambaza habari, watu Nkoma leo nalia. Nani ananifufua?"

"Si uko hai, afande!"

"Hiyo mimi najua. Majirani hawajui. Lazima nachinja jogoo, naita watu, nakula, wananiona nakula. Maiti hawezi kula. Jogoo juu yako."

Nusifa akasema hukumu ni ya haki. Mital akasema ni nafuu. Mvua ilipopungua wakanipeleka sokoni, mmoja kila upande na Otim nyuma, namna wanavyopelekwa watu wasioaminika. Otim alikataa majogoo manne. Wa tano alikuwa mwekundu, mzito, mwenye upanga kichwani kama kofia ya mfalme, na mwenye kuku, mama mmoja aitwaye Nabifo, aliposema bei nilihisi moyo unapiga hatua moja nyuma.

Nikasafisha koo. "Mama Nabifo," nikaanza, "huyu jogoo ni wa mgonjwa. Kuna mzee mmoja Budondo, maskini, ana siku saba hajaweza kumeza kitu, na usiku wa kuamkia jana aliota ndoto, akaona jogoo mwekundu amesimama juu ya..."

Nusifa akaweka mkono wake begani kwangu.

"Baba," akasema. "Lipa."

Nikalipa.